Video za kuanzia Kivietinamu: sikiliza muziki wa chini kabla hujalipa

Malalamiko ya wanaojifunza Kivietinamu kwa video yanafanana. Mtu amelipia kifurushi cha mwaka, maneno anayatambua yakiandikwa, ila yakisemwa hayashiki. Lawama zote zinaangukia masikio yake, kumbe chini ya sauti ya mwalimu kuna kinanda kinachopigwa tangu somo linaanza hadi linaisha.

Nazungumzia video za kuelewa kwa kusikia, yaani zile ambazo mwalimu anaonyesha picha, anachora na kuigiza mpaka ukashika kisa bila tafsiri. Ung'aavu wa picha, vyeti na wingi wa wafuasi nayaruka, maana kila tangazo linayaimba. Muziki hakuna anayeutaja.

Kivietinamu cha Hanoi kina toni sita, yaani namna sita za kubeba sauti zinazobadilisha maana ya neno. Ma ni mzimu, mả ni kaburi, mạ ni mche wa mpunga. Kinachozitofautisha si kupanda na kushuka kwa sauti peke yake. Toni iitwayo nặng, ile ya mạ, ni fupi, iko chini, na huishia koo likibanwa ghafla. Toni ya ngã hupanda huku sauti ikikatika katikati. Mibano hiyo ya koo ni hafifu, na besi ikipita juu yake inaimeza. Muziki nao una mapando na mashuko yake, basi sikio changa linabaki likishindana na nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Mvietinamu anayehariri video haisikii kasoro hiyo, kwa kuwa neno analijua tayari na analijaza mwenyewe kichwani.

Usidhani kupunguza mwendo hadi 0.75 kutakuokoa. Muziki nao unapungua mwendo, na nặng, ambayo ufupi ni sehemu ya sura yake, inavutwa ikawa ndefu. Mwalimu anayefaa hupumzika kati ya vifungu na kurudia. Akiburutwa na mashine, ubaki naye wa nini?

Kupima ni kazi ya dakika chache. Vaa hedifoni. Usiridhike na somo la bure, ambalo aghalabu ndilo lililosafishwa kuliko mengine. Omba kuona somo la katikati na la mwisho. Katika kila moja, sikiliza mahali mwalimu anaponyamaza. Ukisikia muziki hapo, muziki upo kote. Ukiambiwa masomo ya ndani hayaonyeshwi kabla ya malipo, ondoka.

Kipimo cha pili ni lafudhi. Sikiliza mwalimu anavyomtaja nguruwe: lợn ni Kaskazini, heo ni Kusini. Mahindi ni ngô au bắp, bakuli ni bát au chén. Kusini toni ya hỏi, ile ya mả, na ya ngã zimeungana, na neno về husikika kama linaanza na y. Lafudhi zote mbili ni sawa, chagua unayoitaka. Ubaya ni kifurushi kinachokupa mwalimu wa Hanoi (Kaskazini) leo na wa Saigon (Kusini) kesho bila kutaja. Mwanafunzi wa wiki ya tatu atahesabu matamshi mawili ya neno moja kuwa maneno mawili, au atayafanya toni mbili zisizokuwepo.

Tatu, uso wa mwalimu uonekane kwa karibu. Sisi tumezoea maneno yanayoishia na irabu. Kivietinamu kinafunga neno kwa p, t au c bila kuiachia, kwa hiyo bắp na bắt hazikupi mlio wa mwisho wa kushikilia. Midomo ikifumba, ni p. Kwa mzungumzaji wa Kusini, bắt na bắc zinasikika sawa, usipoteze jioni nzima ukizitenganisha.

Sasa orodha, kuanzia ninayoipendelea.

Ya kwanza ni video unazojitengenezea na mwalimu wa italki, tovuti ya kukodi walimu wa lugha mtandaoni. Sifichi kwamba nina upande. Hapo walimu wana video za kujitambulisha, kwa hiyo unapima lafudhi kabla ya kutoa hata senti. Chukua somo la dakika 45, andaa picha tano hadi sita, omba ruhusa ya kurekodi, na mweleze mwalimu mapema: asifundishe sarufi, asitafsiri. Aanze na “Đây là con mèo” (huyu ni paka), aulize “Con mèo hay con chó?” (paka au mbwa?), kisha “Con mèo ở đâu?” (paka yuko wapi?), halafu asimulie kisa kilekile mara tatu akibadilisha kitu kimoja kila mara. Wewe jibu kwa lugha yoyote mnayoelewana. Mkitumia Zoom, mwalimu awashe sauti asilia upande wake, kwa sababu kichujio cha kelele kinaweza kula ule mkwaruzo wa ngã. Pia amtaje kila mtu pichani kwa neno la kumwita kulingana na umri na jinsia yake, anh, chị, em, cô, chú, ili uyasikie yakitumika. Rekodi ni yako, haina kinanda, na ina lafudhi moja. Udhia wake ni mmoja: walimu wengi wamezoea kueleza kwa Kiingereza, na wengine wanarudi huko baada ya dakika kumi. Akirudi mara ya pili, badilisha mwalimu.

Ya pili ni chaneli ya YouTube yenye lafudhi moja. Anayetaka Kusini aanze kupekua kwa Learn Vietnamese With SVFF. Chagua masomo yenye mazungumzo marefu, na kwenye mipangilio hakikisha sauti ni asilia, isije ikawa umewekewa tafsiri ya mashine.

Ya tatu ni vifurushi vya kulipia kwa mwezi au mwaka. Hapa ndipo pana uchungu. Tangazo linasema “masomo 300”. Somo moja ni dakika tatu, jumla saa 15, na nusu yake mwalimu anaongea Kiingereza, basi unabaki na saa saba na nusu za Kivietinamu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwapangia wanadiplomasia wake wiki 44, kama saa 1,100 darasani, kwa lugha hii hii. Halafu masomo kadhaa yanakwenda kufundisha matamshi ya ng na nh mwanzoni mwa neno, yaani ng' ya ng'ombe na ny ya nyumba. Hayo tunalipishwa kwa bei ileile, na usajili unajirudia wenyewe mwaka ukiisha.

Ya nne ni katuni zilizotiwa sauti za Kivietinamu. Ni nzuri baadaye, kwa anayeanza zina muziki mwingi kuliko maneno. Programu za bure za kugusa skrini zinakufundisha kutambua maandishi, basi.

Ukiamua kununua kifurushi hata hivyo, mwandikie muuzaji maswali matatu kabla ya kuweka kadi: jumla ya saa za Kivietinamu pekee ni ngapi, wasemaji ni wa wapi, na kama kuna nakala isiyo na muziki. La tatu ndilo wanalolikwepa.