Ukaguzi wa SMETA: unalipia nini, na kazi ya kulazimishwa inapenya wapi

Mnunuzi wa Uingereza akitaka ripoti ya SMETA (ukaguzi wa hali za kazi wa Sedex, mtandao wa wanunuzi na wanaowauzia bidhaa) kabla ya kusaini mkataba wa maua, chai au maharage mabichi, shamba la Naivasha au Arusha huwa halina cha kujadili. Sheria ya Utumwa Mamboleo ya Uingereza ya 2015, kifungu cha 54, inaitaka kila kampuni inayofanya biashara huko yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka itoe taarifa ya hatua inazochukua dhidi ya utumwa katika shughuli zake na kwa wanaoiuzia bidhaa. Ripoti ya ukaguzi ndiyo njia nyepesi ya kuonyesha kwamba jambo fulani limefanyika. Kwa usalama kazini, saa za kazi na malipo, huduma hii ina thamani yake. Kwa utumwa mamboleo tunaipa nusu ya alama.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Unajiunga na Sedex, unajaza dodoso lao, kisha unachagua kampuni ya ukaguzi. Bei hupangwa kwa siku za mkaguzi, ukiongeza nauli na uandishi wa ripoti, na mara nyingi anayelipa ni shamba lenyewe. Kuna ukaguzi wa nguzo mbili (haki za kazi, afya na usalama) au nne (yanaongezwa mazingira na maadili ya biashara). Kama shida yako ni kazi ya kulazimishwa, maswali makuu yamo kwenye zile mbili, kwa hiyo usiuziwe nne kwa kisingizio hicho. Kabla ya kulipa, omba namba ya usajili wa mkaguzi kwenye APSCA (chama cha wakaguzi wa hali za kazi), na uulize anazungumza lugha gani. Mkaguzi wa Kiswahili na Kiingereza hatapata kitu kwa kibarua aliyefika wiki mbili zilizopita akizungumza Kiturkana tu, na mkalimani akiwa msimamizi wake, heri mahojiano hayo yasingefanyika kabisa.

Sasa tuangalie hesabu. Kwa mwongozo wa toleo la 6, shamba la wafanyakazi 101 hadi 500 lilipewa siku 2 za mkaguzi. Walihojiwa watu 26: sita mmoja mmoja, na ishirini katika vikundi vinne vya watano, kwa jumla ya saa 6. Chukua shamba la watu 400 ambamo 20 wamefungwa na deni la wakala mmoja. Hata majina yakichaguliwa kwa bahati nasibu safi, takriban mara moja katika kila mara nne ukaguzi utapita bila kumgusa hata mmoja wao. Atakayeguswa huenda akaangukia kwenye kikundi, na hakuna atakayesema mbele ya wenzake wanne kwamba anadaiwa na nyapara. Ofisi ikiandaa orodha ya wahojiwa yenyewe, hesabu hiyo haina maana tena. Toleo la 7, lililotoka 2024, limeongeza upimaji wa mifumo ya usimamizi na aina ya kasoro ambazo shamba haliwezi kuzimaliza bila mnunuzi kuhusika. Ni hatua nzuri, ila kibarua mwenye deni bado anapatikana kwa kuongea naye faraghani tu.

Pale penye karatasi, SMETA ina macho makali. Shamba huandaa kumbukumbu za miezi 12, na mkaguzi hulinganisha mahudhurio na malipo ya mwezi wa msimu, mwezi wa kazi chache na mwezi wa karibuni. Ovataimu iliyopita kiasi inaonekana (Tanzania kikomo ni saa 50 kwa kila wiki nne), mshahara uliocheleweshwa unaonekana, na makato ya ajabu yanaonekana. Kati ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vya Shirika la Kazi Duniani, hivyo ndivyo vinavyoacha wino. Udanganyifu wakati wa kuajiriwa, vitisho na utumwa wa deni haviachi wino kwenye faili la shamba, kwa sababu faili lake liko mfukoni mwa mkandarasi wa vibarua.

Tuseme kibarua wa Kenya analipwa Sh 500 kwa siku, siku 26, yaani Sh 13,000. Mkandarasi anakata nauli Sh 2,500, pesa ya kupata nafasi Sh 5,000, na chakula Sh 200 kwa siku, yaani Sh 5,200. Amebakiwa na Sh 300, na mwezi ujao anaanza na mkopo mpya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara, ambazo hapa ni kama Sh 8,667. Lakini hesabu za shamba zinaonyesha malipo kamili kwa mkandarasi. Mkaguzi anaweka tiki.

Kwa hiyo lipia SMETA, halafu fanya mwenyewe yale ambayo haifanyi. La kwanza, na lisilo na gharama: chukua orodha ya namba za M-Pesa au akaunti za benki zinazopokea mishahara, uipange kwa namba. Namba moja ikipokea malipo ya watu wanane, umempata anayeshika pesa za wenzake. (Wakati mwingine ni mke na mume wenye simu moja, kwa hiyo uliza kabla ya kushutumu.) Pili, linganisha daftari la getini na orodha ya malipo ya siku hiyohiyo: walioingia 62 na waliolipwa 48 maana yake 14 ni wa mtu mwingine. Tatu, uliza kitambulisho kiko wapi sasa hivi. Mgeni kuacha kitambulisho kwa mlinzi saa moja tumekuzoea, ila cha kibarua kikikaa kwenye droo ya nyapara msimu mzima, hicho ni kiashiria tosha. Nne, mkataba na mkandarasi useme wazi kwamba gharama zote za kuajiri ni za mwajiri, na ulipe vibarua moja kwa moja, yeye umpe ada yake kando.

Chagua ukaguzi wa kushtukiza, au angalau wa nusu-kushtukiza ambapo unajulishwa kipindi cha wiki kadhaa tu na si siku yenyewe. Ziara yenye tarehe huwapa vibarua wa mkandarasi likizo ya ghafla.

Anayedhani cheti kinatosha aitazame Karachi, Pakistan. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha SA8000, ambacho ni mfumo mwingine lakini wa ukoo huohuo, Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo kiliungua na kuua watu zaidi ya 250.

Udhaifu mwingine uko kwenye mpango wa kurekebisha. Kasoro ya ada za kuajiriwa mara nyingi hujibiwa kwa sera mpya na picha ya sera hiyo ikiwa imebandikwa ubaoni, na inafungwa. Sera hairudishi Sh 5,000 za mtu. Top Glove ya Malaysia ilizuiwa kuingiza glavu Marekani Julai 2020, na kabla zuio halijaondolewa Septemba 2021 ilikuwa imewarudishia wafanyakazi wahamiaji zaidi ya ringgit milioni 130 za ada walizotozwa. Ukiwa mnunuzi, usikubali kasoro hiyo ifungwe kwa picha: dai orodha ya waliorudishiwa, kiasi cha kila mmoja, na uthibitisho wa muamala ulioingia kwenye simu ya mwenye pesa.