Kituo chako cha kwanza cha redio ya ridhaa: ununue nini, uache nini

Anayeanza redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana hewani kwa kupenda tu na si kwa biashara, karibu kila mara huuliza, "Ninunue redio gani?" Mimi humwambia aanze na antena, kwa sababu ndiyo inayoamua utasikika wapi. Na kabla ya hata senti kutoka mfukoni, shughulikia leseni: Tanzania ni TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano ya huko, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Waulize pia masharti ya kuingiza vifaa kabla hujaagiza nje.

Nafasi ya kwanza: dipoli ya waya, yaani antena ya waya mbili zinazotandazwa kutoka katikati, kila moja upande wake. Hakuna kitu cha bei ndogo kinachokupa mengi kama hiki. Nenda duka la umeme, nunua waya wa milimita 2.5, ule wa kuwekea nyaya za nyumba. Kwa bendi ya meta 20 (kundi la masafa ya karibu 14 MHz), gawa 143 kwa masafa ya MHz upate urefu wa antena nzima: 14.2 MHz inakupa karibu meta 10, yaani meta 5 kila upande. Kata meta 5.2 kila upande, kisha punguza sentimita mbilimbili pande zote mbili, huku ukitazama mita ya SWR (inayoonyesha antena inavyoafikiana na redio) hadi ishuke chini ya 1.5. Usiwe na haraka na koleo. Waya ukishakatwa haurudi. Katikati ipandishe juu ya mti au mlingoti wa mianzi, ncha zishuke kama paa. Kutoka antena hadi redio, kebo ya RG-58 inatosha kwa urefu wa meta 20 hivi. Walio pwani wazibe maungio yote vizuri, maana chumvi ya bahari inakula shaba upesi.

Ukiwa na uwanja mkubwa, funga dipoli ya bendi ya meta 40. Hiyo inafanya kazi na bendi ya meta 15 pia, na mchana meta 15 inafika mbali sana.

Ya pili: redio ya Xiegu G90. Wapo watakaobisha, kwa kuwa ina wati 20 tu. Lakini kutoka wati 100 hadi 20, anayekupokea anaona sindano ya mita yake ya nguvu ya mawimbi imeshuka kidogo zaidi ya alama moja. Wewe unapata redio isiyokula zaidi ya ampea 8 ikirusha, yenye tyuna (kifaa cha kuilinganisha redio na antena) ndani, inayoendeshwa na betri ya volti 12 na paneli ya sola. Umeme ukikatika, unaendelea kuongea.

Ya tatu: Icom IC-7300. Kwa kusikiliza na kwa skrini inayokuonyesha bendi nzima, inaishinda G90 waziwazi, na waya mmoja wa USB unaiunganisha na kompyuta kwa FT8, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta. Naishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu inataka pawa saplai ya ampea 20 na ushee. Yaesu FT-891 ni ndogo na ni imara, ila tyuna utainunua kando.

Ya mwisho: redio ya mkononi kama Baofeng UV-5R. Bei yake inavutia, na ndiyo maana wengi wanaanzia hapo, kisha wanakata tamaa. Pasipo kituo cha kurudishia mawimbi karibu nawe, utafika kilomita chache tu, na huenda huko hakuna mwenye leseni wa kukujibu.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kwa kuiona imewaka tu. Mwombe muuzaji airushe mbele yako kwenye mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), kila bendi, na usome wati zinazotoka.