Darubini ya Dobson ya Inchi 8 Kwenye Anga la Dodoma: Inatosha Kuangalia Nebula na Galaksi?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Hili bomba jeusi mnaloliona hapa pembeni yangu, lenye urefu wa karibu mita moja na robo, ni darubini ya Dobson ya inchi 8. Nimeitumia kiangazi chote, hapa Dodoma mjini na kule Bahi nje ya mji, na leo naizungumzia kwa kazi moja tu: kuangalia vitu vya mbali kabisa angani. Mwezi, Mshtarii na pete za Zohali tuviweke kando, hivyo hata darubini ndogo itakuonyesha. Nazungumzia nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, vishada vya nyota, na galaksi, yaani makundi makubwa ya mabilioni ya nyota, vitu ambavyo mwanga wake umesafiri maelfu na mamilioni ya miaka mpaka kufika kwenye jicho lako.

Chapa sitaitaja, kwa sababu viwanda kadhaa vinatengeneza darubini za aina hii na zinafanana karibu kila kitu. Nitakayoyasema yatakufaa hata ukinunua yenye jina jingine. Na hii nimeinunua kwa hela yangu, hakuna aliyenilipa.

Tuanze na swali ninaloulizwa kila mara: inakuza mara ngapi? Jamani, swali hilo liacheni. Mtandaoni utakuta vidarubini vya milimita 60 vimeandikwa kwenye boksi kwamba vinakuza mara 500 na zaidi. Kipimo ambacho watu wa fani hii hutumia ni kama mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo kidarubini cha milimita 60 ukikivusha mara 120 unabaki na ukungu tu. Nebula na galaksi nyingi si ndogo. Galaksi ya Andromeda ni pana kuliko Mwezi mpevu, tena zaidi ya mara tano. Tatizo lake ni kwamba mwanga wake ni hafifu mno. Unachohitaji ni chombo cha kukusanya mwanga, na hapo ndipo kipenyo kinapofanya kazi.

Kioo kikuu cha darubini hii kiko huku chini kabisa ya bomba, kina kipenyo cha milimita 203. Mboni ya jicho lako gizani hufunguka mpaka kama milimita 7. Piga hesabu ya eneo, utaona kioo hiki kinakusanya mwanga takribani mara 800 kuliko jicho tupu, na mara nane kuliko darubini ya milimita 70. Umbali wake wa fokasi, yaani kutoka kwenye kioo mpaka mwanga unapokutana, ni milimita 1200. Ugawe kwa milimita za lenzi ya jicho, unapata ukuzaji. Ndani ya boksi mna lenzi mbili za jicho: ya milimita 25 inayokupa ukuzaji wa mara 48, na ya milimita 10 inayokupa mara 120. Mimi muda mwingi naitumia ile ya 25.

Sasa njoo kwenye stendi, maana hapa ndipo watu wa Afrika Mashariki wanapopotezewa pesa. Hili kasha la chini linazunguka kulia na kushoto, na bomba linapanda na kushuka. Basi. Hakuna gia, hakuna mota, hakuna umeme. Muundo huu ulienezwa na John Dobson, mtawa wa Vedanta, falsafa ya Kihindu, huko San Francisco, aliyekuwa akitengeneza darubini kwa vifaa rahisi kabisa na kuziweka kando ya barabara ili mpita njia yeyote aangalie. Mwaka 1968 alishiriki kuanzisha kundi la kuwaonyesha watu anga mitaani. Alifariki mwaka 2014, na jina lake limebaki kwenye stendi hii.

Kuna stendi nyingine, ile ya ikweta, yenye vyuma na uzani wa kuning'inia. Kwenye picha inavutia sana. Lakini stendi hiyo lazima mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na pembe yake iwe sawa na latitudo ya mahali ulipo. Hapa Dodoma tuko kama digrii 6 kusini. Ncha ya kusini iko digrii 6 tu juu ya upeo, yaani nyuma ya miembe ya jirani, na ile nyota ya kaskazini wanayoitumia Ulaya kwetu haionekani kabisa. Halafu stendi nyingi za bei nafuu hazishuki mpaka digrii 6, zimetengenezwa kwa watu wa London na Chicago. Nairobi ndiyo digrii moja na kidogo, Kampala haifiki hata digrii moja. Kwa hiyo kwa mtu anayeanza na yuko karibu na ikweta, ushauri wangu hauna kona: chukua Dobson. Unaiweka chini, unaelekeza, unaangalia.

Tuone sasa inaonyesha nini. Nawasihi hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi hununua darubini wakitarajia zile picha nyekundu na bluu za mtandaoni. Hutaziona. Picha zile kamera imekusanya mwanga kwa dakika au saa nyingi. Jicho gizani hutumia chembe ambazo hazitambui rangi, kwa hiyo nebula na galaksi utaziona za kijivu. Zingine, zile zenye mwanga mkali kama nebula ya Jabari (Orion), hukupa dalili ya kijani hivi. Ukikubali hilo tangu mwanzo, utafurahi sana na chombo hiki.

Kitu cha kwanza ninachomwonyesha kila mgeni ni kishada cha Omega Centauri. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, saa mbili usiku, tafuta Salibu, zile nyota nne zenye umbo la msalaba, upande wa kusini, halafu sogea kushoto na juu kidogo. Kule Bahi unakiona hata kwa macho, kama nyota iliyofifia. Edmond Halley, mwanaastronomia Mwingereza, ndiye aliyeandika mwaka 1677, akiwa kisiwa cha St. Helena, kwamba hiyo si nyota ya kawaida. Kweli si moja: ni kishada cha nyota kama milioni 10, kilichoko umbali wa miaka ya nuru kama 17,000, yaani mwanga wake husafiri miaka hiyo yote kutufikia. Kwa lenzi ya 25 unaona duara kubwa la mwanga, na kingo zake zimeanza kuchambuka. Weka ya 10, subiri, tuliza pumzi usitikise bomba. Nyota zinaanza kujitenga moja moja, mamia kwa mamia, kama uwele ulioanikwa kwenye mkeka, katikati umerundikana na pembeni umetawanyika. Darubini ya milimita 70 niliyoiazima nikaiweka sambamba ilionyesha doa la ukungu tu. Mahali pale pale, usiku ule ule. Tofauti yote ni kipenyo.

Nebula ya Carina iangalie mwezi wa tano, ikiwa juu upande wa kusini. Lacaille, Mfaransa aliyekuwa akipima anga la kusini pale Rasi ya Tumaini Jema, aliiorodhesha miaka ya 1751 na 1752. Ni pana kuliko ile ya Jabari, na ndani yake kuna mikondo ya vumbi jeusi inayoigawa vipande. Hapa kichujio cha nebula, kinachoitwa UHC, kilinisaidia sana. Kichujio hiki unakifunga upande wa chini wa lenzi ya jicho, kinapitisha mwanga wa oksijeni na hidrojeni unaotoka kwenye nebula na kukata mwingi wa taa za mjini. Kwenye galaksi usikitegemee, kwa sababu galaksi ni mwanga wa nyota na nyota hung'aa kwa rangi zote.

Nebula ya Lagoon, yaani M8 (herufi M ni ya orodha ya Messier, mwanaastronomia Mfaransa wa karne ya 18), iko upande wa Mshale, na mwezi wa saba na wa nane inapita juu sana. Hiyo na vishada vya M6 na M7 karibu na mkia wa Nge utavipata hata usiku wa kwanza.

Sasa mwezi wa kumi. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndiyo sababu naipenda kazi hii tukiwa hapa tulipo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, kama saa nne usiku, galaksi ya Andromeda iko kaskazini, imepanda zaidi ya digrii 40. Kwa lenzi ya 25 unaona kiini chake chenye mwanga, na kando yake kidoa cha M32, galaksi ndogo inayoizunguka. Mwanga huo umetoka miaka milioni 2.5 iliyopita. Bila kubadilisha chochote, shika mdomo wa bomba, ligeuze mpaka kusini, ulishushe kidogo. Hapo kuna Wingu Dogo la Magellan, galaksi nyingine, umbali wa miaka ya nuru kama 200,000. Ubavuni mwake kuna 47 Tucanae, kishada kinachoonekana kana kwamba kimegusana nalo, kumbe kiko mbele sana, ndani ya himaya ya galaksi yetu wenyewe, miaka ya nuru kama 15,000. Kiini chake kimebanana kuliko cha Omega Centauri, na mimi nakiona kizuri zaidi. Mtu wa Ulaya hawezi kuliona Wingu hilo kutoka kwake, halichomozi. Mtu wa Cape Town anaiona Andromeda ikiwa chini karibu na upeo, kwenye ukungu. Sisi tunaviona vyote vikiwa juu kiasi, saa ile ile, kwa kugeuza bomba kwa mkono. Vitu vyote 110 vya orodha ya Messier hupanda juu ya upeo wetu, na hazina yote hiyo ya kusini ambayo Messier mwenyewe, akiwa Paris, hakuweza kuiona.

Kasoro zake sasa. Kubwa ni utosini. Dobson ikielekezwa juu wima, kuizungusha kunakuwa kazi ngumu, unasukuma na haisogei unakotaka. Huko Ulaya si tatizo kubwa, lakini kwetu nebula ya Jabari na kishada cha M11 vinapita karibu kabisa na utosi wa Dodoma. Dawa ni kuviangalia saa moja au mbili kabla havijafika juu, au baada ya kupita. Pia darubini ndogo ya kutafutia iliyokuja nayo ni ya kuchungulia moja kwa moja, na kitu kikiwa juu shingo inauma. Ile yenye kona ya digrii 90 ni bora, nimeshaibadilisha.

Anga linazunguka, na stendi haifuati. Kwa mara 48 kitu kinakatiza kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika kama nne, kwa mara 120 chini ya mbili. Unasukuma kidogo kidogo, mkono unazoea. Lakini kama lengo lako ni kupiga picha za nebula kwa kamera, hii si yako, kwa sababu hata iweje haitatulia juu ya kitu kimoja.

Kasha ni la chipubodi, na kwa jumla unabeba zaidi ya kilo 20. Kwenye bajaji inaingia, bomba ukilipakata. Ila barabara ya vumbi na mashimo inatikisa vioo, kwa hiyo ukifika lazima uvipange upya kwa zile skrubu tatu za nyuma. Ni kazi ya dakika tano ukishaizoea, na usiiruke, maana kioo kikipinda kidogo nyota zinakuwa na mikia. Vumbi likitua kwenye kioo kikuu liache. Usifute kwa kitambaa hata siku moja, tabaka la alumini ni jembamba mno. Walio Tanga, Zanzibar au Mombasa, adui yenu ni unyevu na chumvi: kausheni kila kitu kabla ya kufunika, ukungu ukiota kwenye lenzi hautoki kirahisi.

Na giza. Dodoma mjini taa zimeongezeka sana tangu serikali ihamie, na Andromeda kutoka barazani kwangu ni doa dogo tu. Kilomita chache nje ya mji, usiku usio na mwezi, darubini hiyo hiyo inakuwa chombo kingine. Mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji kabla hujatoa bomba kama hili usiku, halafu mkaribishe aangalie na watu wake. Darubini iache nje nusu saa ipoe ilingane na hewa. Macho nayo yape dakika 20 hadi 30 bila simu, tumia tochi nyekundu. Na ukiangalia galaksi usiikodolee, tazama pembeni yake kidogo, ndipo inapojitokeza. Ukiacha darubini nje mchana ifunike, usithubutu kuielekeza kwenye Jua bila kichujio maalumu mbele ya bomba, utapofuka.

Bei yake huko nje mara nyingi ni kati ya dola 400 na 700, na usafiri na ushuru ni juu yako. Kwa ndege uzito huu unaumiza, meli ni nafuu. Kama bajeti haifiki, kuna Dobson ya mezani ya milimita 130, kilo sita hivi, inaingia kwenye begi, na Omega Centauri inaanza kuchambuka hata humo. Chini ya hapo nunua binokula ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za milimita 50, itakuonyesha Kilimia na Andromeda vizuri kuliko kidarubini chochote cha boksi lenye namba kubwa. Ila kama unazo pesa, una mahali pa kuihifadhi na unaweza kufika penye giza, nunua hii ya inchi 8. Agiza mapema, ifike kabla ya mwezi wa tano, mvua zikikatika uwe tayari uwanjani.