Saratani ya mfupa: kisu au mionzi?

Dada yangu wa Ahero alidhani goti la mwanawe limevimba kwa sababu ya mpira. Kumbe ni osteosakoma, saratani ya mfupa ambayo huwapata zaidi vijana, hasa karibu na goti. Akaniuliza akilia: kwa nini wasimpe mionzi tu, mguu ubaki?

Nilimwelewa. Lakini osteosakoma ni sugu kwa mionzi. Tegemeo kubwa ni kuikata yote, pamoja na sehemu kidogo yenye afya inayoizunguka, huku dawa za kemo, za kuua seli za saratani, zikitolewa kabla na baada. Na upasuaji si lazima uwe kukatwa mguu: mara nyingi daktari huondoa kipande kilichougua tu na kuweka chuma au mfupa mwingine.

Mionzi hufaa zaidi kwa sakoma ya Ewing, aina nyingine ya saratani ya mfupa, au uvimbe ulio mahali pagumu kupasua, kama uti wa mgongo. Haina kidonda cha kisu, ila ni safari ya siku 5 kwa wiki, mara nyingi wiki 5 au 6. Hebu piga hesabu ya nauli ya matatu kutoka Ahero! Kwa mtoto, mfupa uliopigwa mionzi unaweza kudumaa.

Kwa goti hili nilimwambia dada: kisu, kabla ugonjwa haujafika mapafuni.