Butili kwenye milango ya Land Cruiser ya 1993: uzoefu wangu hapa Malindi

Gari langu ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1993, pikapu ya milango miwili, yenye ile injini ya dizeli ya 1HZ. Injini haijanisumbua. Kilichonichosha ni milango. Ukiifunga inalia kama debe, na ukishavuka daraja la Sabaki ukaiacha lami kuingia njia za mashamba ya Magarini, bati lote linatetema hadi aliyekaa ubavuni mwako akuite mara mbili ndipo umsikie. Milango hiyo nimeitilia butili, yaani karatasi za mpira wa kunata zinazobandikwa kwenye bati, pamoja na sponji, nimeiendesha Kaskazi nzima na masika yameipitia, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Nilichonunua ni karatasi za butili za milimita 2, upande mmoja zina aluminiamu na upande wa pili gundi. Kabla hujatoa pesa, elewa kazi yake. Butili haizuii kelele kupita. Inalishika bati lisitetemeke: mtetemo unaishia ndani ya ule mpira na kugeuka joto kidogo sana, basi. Ndiyo maana huhitaji kulifunika bati lote. Ukibandika robo mpaka nusu ya sehemu ile pana, katikati pale ambapo ukigonga kwa kidole inavuma, umemaliza. Wauzaji watakwambia ufunike kila mahali, na kwa biashara yao wana haki. Lakini mita moja ya mraba ya butili hii ina kilo tatu na zaidi, na bawaba za gari la umri huu zimeshachoka kubeba.

Jambo la pili, nusa kabla ya kununua. Kuna karatasi zinazouzwa bei ya chini ambazo ndani ni lami, si butili, na nje zinafanana kabisa. Lami inanuka lami, hata ikiwa kwenye plastiki yake. Kwa jua la hapa mwezi wa pili, gari likishinda nje, lami hulainika, ikaachia bati na kuteremka taratibu mpaka chini ya mlango. Kwenye baridi labda itavumilia. Pwani, usiiguse.

Fundi niliyempa kazi ni kijana wa hapa hapa mjini, na mkono wake ni safi. Mkono wa kioo aliutoa bila bisibisi: alipitisha kitambaa nyuma yake, akakivuta huku na huku mpaka ile klipu ya waya ikaruka yenyewe. Kifuniko cha ndani kilitoka bila kuvunjika hata kishikizo kimoja. Nyuma yake kulikuwa na plastiki ya kiwandani, na chini kabisa ya mlango, mchanga mweupe uliogandana na chumvi, kutu ikianza kula mshono. Alikwangua kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaacha ikauke vizuri. Halafu akafuta bati kwa spiriti ndipo akabandika, akisukuma rola ya mbao mpaka vinundu vya ile aluminiamu vikalala bapa. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia. Vinundu vikibaki vimesimama, chini yake kuna hewa, na hapo patabanduka. Vaeni glavu, kingo za aluminiamu zinakata.

Tulipofika chini ya mlango ndipo tulipobishana kidogo. Akaniambia, "Ami, haya matundu tuyazibe, maji yasiingie." Nikamwambia, "La, mwanangu. Maji yanaingia juu, pembeni mwa kioo, kila mvua ikinyesha na kila gari likioshwa. Matundu haya ndiyo njia yake ya kutokea." Alinielewa, akayazibua kwa waya badala ya kuyaziba. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu huku kwetu upepo wenyewe una chumvi. Mlango unaotuama maji Nairobi utaoza, na wa Malindi utaoza mapema zaidi, nawe umejiletea kwa pesa yako. Masika yalipoingia nilikuwa nikiinama kutazama, na maji yalikuwa yakidondoka chini ya milango yote miwili kama inavyotakiwa.

Ile plastiki nayo irudishwe, na ncha yake ya chini iingie ndani ya mlango, ili tone linaloteremka juu yake lirudi kwenye matundu, lisije kulowesha kifuniko. Mafundi wengi huitupa. Usikubali.

Juu ya plastiki tuliweka sponji ya milimita 6, ile ngumu isiyonyonya maji. Sponji ya godoro haifai hapa, itashika unyevu na kunuka. Wala usizidishe unene, kifuniko kitagoma kukaa.

Gharama yangu ilikuwa shilingi 8,500 za vifaa na 3,000 za ufundi kwa milango miwili.

Matokeo sasa. Mlango unafunga kwa sauti moja, nzito na fupi. Kwenye njia ya vumbi bati halivumi tena, na spika zile zile za zamani zimepata besi ambayo sikujua zinayo. Naongea na mke wangu bila kupaza sauti mpaka mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Zaidi ya hapo injini inatawala, kwa kuwa sauti yake haiji kwa milangoni. Inapita sakafuni na kwenye ule ukuta wa bati ulio mbele ya miguu. Joto nalo limepungua kidogo tu: ukiegemeza kiwiko mlangoni saa saba mchana hakiungui, lakini jua linaingia kwa vioo, na butili haina dawa ya vioo.

Kuna kitu kimoja nilikibadilisha wakati uleule, nacho kimenifurahisha kuliko nilivyotarajia: raba za kuzunguka mlango. Mluzi wa upepo na vumbi viliondoka kwa raba mpya, si kwa butili. Kama mfuko una pesa ya kitu kimoja, anza na raba.

Wenye Corolla na Probox mnaoniuliza, kazi ni ileile, ila milango yenu ina nafasi finyu zaidi ndani. Kabla fundi hajarudisha kifuniko, shusheni kioo mpaka chini na mkipandishe tena, mkisikiliza kama kinagusa butili popote.