Utepe wa kukadiria uzito wa kulungu: uzoefu wangu msimu wa gobori

Kwa wenye haraka, nawapa hukumu yangu mapema: utepe huu ununue, soma safu ya uzito baada ya kutoa matumbo, na safu ya uzito wa mnyama mzima ichukulie kwa tahadhari. Wauzaji wanaipigia debe hiyo safu ya mnyama mzima kwa sababu ina namba kubwa. Mimi naamini ile ndogo ndiyo ya kweli zaidi.

Ni utepe wa kitambaa uliopakwa plastiki, kama ule wa fundi cherehani, ila mrefu kidogo. Unauzungusha kifuani mwa kulungu, nyuma kabisa ya miguu ya mbele, kisha unasoma pale ncha inapokutana na mstari. Kando ya kila inchi zimechapwa namba mbili za paundi: uzito wa mnyama akiwa hai, na uzito wake akishatolewa matumbo. Kilo hazimo, kwa hiyo unagawanya mwenyewe kwa 2.2.

Mimi huwinda kulungu wenye mkia mweupe huko Marekani, kwa gobori. Silo la gumegume, lile la zamani linalowashwa kwa cheche za jiwe. Ni la kisasa, kaliba .50, lenye fataki (kiwashio kidogo cha baruti) inayokaa moja kwa moja nyuma ya baruti, mtindo ulioenea baada ya fundi wa bunduki Tony Knight kutoa gobori lake la MK-85 mwaka 1985. Hata hivyo gobori ni gobori: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka ikae barabara juu ya baruti bila kuacha nafasi, na una risasi moja tu. Ndiyo maana unamsogelea mnyama kwa miguu, ndani kabisa ya pori, mbali na gari. Ukishafyatua, moshi mweupe unatanda mbele yako na huoni kulungu ameelekea wapi. Unabaki umesimama ukisikiliza matawi yanavunjika upande gani.

Hapo ndipo swali la uzito linapokuwa na maana. Nitamvuta peke yangu au nitaita mtu? Nimkate vipande palepale, kama sheria za jimbo zinaruhusu? Kilo 40 za mzoga kwenye majani makavu mtu mmoja anazimudu. Kilo 70 kupanda kilima ni jambo lingine kabisa, na wawindaji wenye umri wamewahi kuanguka kwa mshtuko wa moyo wakivuta mizoga. Mizani ya kuning'iniza ninayo, lakini kuibeba porini pamoja na baruti, fataki na risasi za akiba ni mzigo, tena inataka tawi imara na kamba ya kuinulia. Utepe unakaa mfukoni.

Sasa kuhusu zile safu mbili. Kifua cha kulungu ni mbavu, misuli na mafuta. Tumbo ni habari nyingine: jike aliyeshinda akila mbegu za mwaloni amebeba shehena nzito tumboni, na dume aliye katikati ya msimu wa kupandana hali karibu chochote. Wanaweza kuwa na kifua cha kipimo kimoja, lakini wakiwa wazima uzito wao ukatofautiana sana. Utepe hauoni tumbo. Matumbo yakishatoka, tofauti hiyo nayo imetoka, na kinachobaki ndicho kile ambacho kifua kilikuwa kinakionyesha tangu mwanzo. Nikifika nyumbani huwa naupambanisha utepe na mizani. Kwa majike waliokomaa, safu ya baada ya matumbo haijawahi kunitupa mbali zaidi ya kilo mbili tatu. Madume ya mwisho wa msimu wa kupandana yanausumbua zaidi, maana dume linaweza kupoteza robo ya uzito wake katika wiki hizo na umbo lake hubadilika.

Kanuni ya kawaida ni kwamba mzoga uliotolewa matumbo ni takriban asilimia 78 ya uzito wa mnyama hai, na nyama tupu isiyo na mfupa ni karibu nusu ya huo mzoga. Kulungu wa paundi 140 akiwa hai anakupa mzoga wa paundi 109 hivi, yaani kilo 50 kasoro kidogo, na nyama ya kilo 24 au 25. Ondoa humo kama risasi imepita begani, kwa sababu risasi nzito ya gobori inaharibu nyama nyingi ikigonga mfupa wa bega. Kipeperushi kilichokuja na utepe hakisemi neno juu ya hilo, wala hakisemi vipimo vyake vilitokana na kulungu wa wapi. Hilo ni pengo kubwa. Kulungu wa kaskazini, kama wa Maine au Minnesota, ni mkubwa kuliko wa kusini, na wale wadogo wa visiwa vya Florida Keys, ambao wanalindwa na hawawindwi, hata dume lao kubwa ni la kilo 30 na kitu.

Namna ya kupima nayo ina uzito wake. Kwanza jaza kibali na ukifunge kwa mnyama, kama sheria inavyotaka. Pima kabla hujapasua, kwa sababu kifua kikishafunguliwa hakishiki umbo. Mzoga uliolala usiku kucha usiupime kabisa, utakuwa umevimba. Kulungu akilala ubavu, kupitisha utepe chini yake ni kazi. Wapo wanaousukuma kwa mdeki, nami nakusihi usifanye hivyo. Mchanga ukinata kwenye mdeki utaukwaruza mtutu mara utakaposhindilia tena. Kijiti chembamba kinatosha. Manyoya ya baridi ni manene, kwa hiyo vuta utepe mpaka yalale, kisha acha. Ukikaza kupita hapo, unaanza kujidanganya.

Kasoro iliyonikera ni wino. Anayewinda kwa gobori vidole vyake havikosi masizi ya baruti, na masizi hayo pamoja na damu yameshafuta namba kati ya inchi 33 na 37, yaani palepale ninapopahitaji zaidi. Nikiuosha kwa maji ya moto, ambayo nayachemsha kwa vyovyote siku hiyohiyo ili kusafisha mtutu kabla masizi hayajala chuma, namba zinazidi kufifia. Nimezirudishia kwa kalamu ya wino usiofutika. Kitambaa nacho kinanyooka kikiloa: niliulinganisha na rula ya chuma nikakuta umeongezeka karibu nusu inchi.

Kwa hiyo ukikuta wenye nyuzi za kioo ndani na namba zilizofunikwa kwa plastiki angavu, chukua huo, hata ukiwa na bei ya juu. Hesabu ni ileile, utepe wenyewe ndio utakaodumu.