Milano kwa shoga msafiri: uzoefu wangu wa siku nne Porta Venezia

Ukienda Milano na mpenzi wako wa kiume, lala Porta Venezia. Hoteli za jirani na stesheni ya Centrale huvutia kwa bei, lakini metro hufungwa mnamo saa sita na nusu usiku, na viunga vya stesheni hiyo havipendezi kwa matembezi ya saa hizo. Porta Venezia ni kituo cha tatu tu kutoka Duomo, kanisa kuu la jiji, kwa mstari mwekundu wa metro, M1. Utakitambua mara moja: kuta zake zina rangi za upinde wa mvua tangu Pride, gwaride letu, ya 2018. Kutoka hapo hadi Via Lecco, moyo wa mtaa wetu, ni dakika chache kwa miguu.

Kitanda ndicho kinachowakosesha wengi. Unapoweka nafasi, neno unalotaka ni “matrimoniale”, yaani kitanda kimoja cha wawili. “Doppia” mara nyingi ni vitanda viwili. Hata ukiandika sawasawa, mapokezi wakiona majina mawili ya kiume huweza kukuamulia wao vitanda viwili. Hoteli niliyofikia ilifanya hivyo, ingawa walirekebisha bila maneno. Tuma ujumbe siku mbili kabla, na uongeze “materasso unico”, godoro moja. Bila hilo watakusukumia vitanda viwili pamoja na kutandika shuka moja juu yake. Fremu zina magurudumu, kwa hiyo ifikapo usiku wa manane ufa umeshafunguka katikati na mmoja wenu anazama humo.

Pasipoti zote mbili zitachukuliwa. Sheria ya Italia inaitaka kila hoteli iwasajili wageni kwa polisi wa huko, na hata mtu na mke wake husajiliwa vivyo hivyo. Usishtuke. Kodi ya jiji hulipwa pembeni, kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo katika bei uliyoiona mtandaoni.

Via Lecco huanza kuchangamka saa moja jioni, wakati wa aperitivo, kinywaji cha kabla ya chakula cha jioni. Baa kama Mono na LeccoMilano ni ndogo, kwa hiyo watu husimama nje, glasi mkononi, na mtaa mzima unakuwa sebule. Ukifika saa nne usiku wikendi, kupenya hadi kaunta ni kazi. Kwa utulivu zaidi tembea hadi Bar Basso, Via Plinio 39, palipozaliwa kokteli ya negroni sbagliato: Campari (kileo chekundu kichungu), vermouth nyekundu na mvinyo wenye mapovu kwa vipimo sawa, pasipo jin. Glasi ni kubwa kama bakuli na ina pande zima la barafu.

Kula kabla ya kunywa, na kula hapohapo. Porta Venezia ndiyo makazi ya zamani ya Waeritrea na Waethiopia wa Milano, na mwanya wa mlango mmoja tu hutenganisha bendera yetu na harufu ya berbere, viungo vyao vya pilipili. Agiza zighini, nyama iliyokolea pilipili juu ya injera, mkate wao laini mfano wa chapati, sahani moja kwa wawili. Kwa mtu aliyetoka Afrika Mashariki, kukaa pale na mpenzi wake, akila kwa mkono, ni jambo kubwa kuliko Duomo. Historia nayo ina kejeli yake: mwaka 1890 Italia iliitangaza Eritrea koloni lake, na mwaka huohuo sheria mpya ya jinai ya Italia yenyewe ikaanza kutumika bila kosa la mapenzi ya jinsia moja.

Sauna na baadhi ya klabu za mashoga zimesajiliwa kama vyama vya wanachama, hivyo haziuzi tiketi kwa mtu asiye mwanachama. Zinadai kadi, ambayo mara nyingi ni ya Arcigay, chama cha mashoga cha Italia. Hutolewa mlangoni kwa ada, hudumu mwaka mmoja na hufaa katika miji mingine pia. Nenda na kitambulisho chenyewe, maana picha ya simu inaweza kukataliwa.

Kuhusu kushikana mikono: katika mitaa ya Porta Venezia, Brera na Navigli, shikaneni. Kwenye metro ya usiku kuelekea pembezoni mimi huachia. Italia ina muungano wa kiraia kwa wapenzi wa jinsia moja tangu 2016, lakini si ndoa, na mwaka 2021 Seneti iliuzuia muswada wa kutulinda dhidi ya vitendo vya chuki. Tofauti hiyo utaihisi.

Usafiri ni rahisi. Tiketi ya yuro 2.20 hudumu dakika 90 na inafika uwanja wa ndege wa Linate kwa mstari wa metro wa M4, ila haitumiki kwenye treni ya uwanja wa ndege wa Malpensa. Ukilipa kwa kadi ya benki, gusa kuingia na kutoka kwa kadi ileile.

Mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci, Karamu ya Mwisho: nunua tiketi wiki nyingi kabla. Unapewa dakika 15 tu za kuutazama.

Kwa nguo, subiri saldi, yaani mauzo ya bei iliyopunguzwa, za mwanzoni mwa Januari au Julai. Mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya hurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani kwa risiti inayozidi yuro 70, lakini onyesha pasipoti dukani na upite forodha kabla ya kukabidhi begi. Begi likishaondoka na bidhaa ndani, umechelewa.